Tyubu, vidonge, taa au sindano: gharama ya kutibu soriasisi na pumu ya ngozi kwa mwaka mzima

Kwenye cheti cha kliniki ya ngozi, tyubu ya gramu 15 ndiyo huonekana rahisi kuliko vyote. Watu wengi wenye soriasisi (madoa mazito yenye magamba) au pumu ya ngozi (ukavu na muwasho unaorudi-rudi) hununua tyubu moja moja kwa miaka, na ukijumlisha, wametumia pesa nyingi kuliko mtu aliyepangiwa vidonge tangu mwanzo. Magonjwa haya hutulizwa, hayaondoki moja kwa moja. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni bei ya mwezi mmoja wa ngozi iliyotulia: dawa, vipimo, nauli, siku za kazi zilizopotea, na hasara ya ugonjwa kurudi kwa kishindo dawa inapokatika.

Bei hutofautiana duka kwa duka na mji kwa mji, hivyo hapa tunahesabu gramu, vidonge na safari. Chukua hesabu hizi hadi famasi yako, zidisha kwa bei ya hapo, utapata jibu lako mwenyewe. Njia zinazolinganishwa ni nne: dawa za kupaka, vidonge (hasa methotreksati), tiba ya taa, na sindano za kisasa za kibayolojia, yaani zinazozuia sehemu ya kinga ya mwili inayochochea ugonjwa. Ipo na ya tano, isiyofaa kuchaguliwa, lakini ndiyo inayokula pesa za watu wengi kuliko zote.

Pima eneo kabla ya kuuliza bei

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili. Hesabu madoa yako yangejaza viganja vingapi. Kisha jua kipimo cha pili: dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye tyubu kwa mstari mmoja, kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza, ni kama nusu gramu, na inatosha viganja viwili.

Ukivijua vipimo hivyo viwili, hesabu ni nyepesi. Mwenye viganja 4 hutumia gramu 1 kila anapopaka, yaani gramu 30 kwa mwezi akipaka mara moja kwa siku: tyubu 2. Mwenye viganja 10 hutumia gramu 2.5, yaani gramu 75 kwa mwezi, tyubu 5. Akipaka asubuhi na jioni ni tyubu 10. Mwenye viganja 30 anahitaji gramu 225 kwa mwezi hata akipaka mara moja tu. Huyo akipewa tyubu moja ya gramu 15, itamtosha siku 2.

Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mgonjwa wa viganja 30 huinyoosha tyubu yake ifike wiki mbili, anapaka kiduchu, ngozi haitulii, anaamua kwamba dawa haifanyi kazi. Anahamia duka jingine, kisha kwa daktari mwingine, kisha kwa mganga. Dawa ilikuwa sahihi. Gramu ndizo hazikutosha.

Kwa makadirio ya kawaida ya madaktari wa ngozi, chini ya viganja 3 dawa ya kupaka inatosha. Ukizidi 10, dawa ya kupaka peke yake huanza kuwa ghali na kuchosha. Katikati hapo hutegemea mahali: madoa machache kwenye viganja, nyayo, uso au sehemu za siri yanaweza kumzuia mtu kufanya kazi kuliko madoa mengi ya mgongoni. Na soriasisi ikiambatana na viungo kuvimba na kukakamaa asubuhi, usihesabu tyubu kabisa, kwa sababu krimu haifiki kwenye kiungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi.

Dawa za kupaka: ni nafuu, ila ujue kuzigawanya

Gharama kubwa ya pumu ya ngozi inapaswa kuwa mafuta ya kulainisha, wala si steroidi (dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe na muwasho). Mtu mzima mwenye ukavu mwili mzima anaweza kuhitaji hadi gramu 500 kwa wiki ugonjwa ukiwa juu. Mtoto karibu gramu 250. Kwa kukadiria, mafuta yawe mara kumi ya steroidi kwa uzito. Nyumba inayomaliza tyubu mbili za steroidi kwa mwezi lakini kopo la mafuta linakaa miezi mitatu, imeugeuza mpango juu chini.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayofanya kazi ni yale ya bei ya chini. Petroli jeli isiyo na manukato, katika kopo kubwa, haipitwi kwa thamani. Chunguza kopo la mafuta ya watoto: mengi yana manukato, na manukato huchokoza ngozi yenye pumu. Mafuta ya nazi yanafaa pia. Jaribio la Ufilipino kwa watoto, lililochapishwa 2014, liliyaonyesha yakifanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Mafuta ya zeituni, ambayo ni ghali zaidi, yaache: utafiti wa Uingereza wa 2013 ulikuta yanadhoofisha ukuta wa ngozi. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga petroli jeli nzito huziba vinyweleo na kuleta vipele kwa wengine, hivyo mchana tumia krimu nyepesi na jeli uiache kwa usiku. Makete, Njombe au Limuru, kwenye baridi, jeli inafaa saa zote. Angalizo moja ambalo halisemwi vya kutosha: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto haraka, basi mgonjwa akae mbali na jiko la mkaa na koroboi.

Oga kwa maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, jikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ngozi ingali na unyevu. Sabuni ya mche na sabuni za dawa zinakausha. Kuziacha hakugharimu kitu na hupunguza kiasi cha mafuta kinachohitajika.

Kwa upande wa steroidi, linganisha nguvu, usiangalie jina la kampuni. Haidrokotisoni 1% ni hafifu, ya usoni, kwenye mikunjo na kwa watoto wadogo. Betamethasoni 0.1% ni kali, ya mikono, miguu na kiwiliwili. Klobetasoli 0.05% ni kali kupita zote: viganja, nyayo na madoa mazito ya soriasisi, kwa wiki 2 kisha daktari aangalie, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Kutumia haidrokotisoni kwenye doa zito la goti ni kumwaga pesa; kutumia klobetasoli usoni ni kununua tatizo jingine. Haidrokotisoni na betamethasoni ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hivyo anza kuziulizia kwenye hospitali ya umma kabla ya famasi binafsi.

Kwa pumu ya ngozi, kupaka steroidi mara moja kwa siku kunatosha wengi. Mara ya pili huongeza bili kuliko inavyoongeza nafuu. Ngozi ikishatulia, usikate ghafla wala usiendelee kila siku: paka sehemu zinazorudia-rudia siku 2 tu kwa wiki. Mwenye viganja 4 atatumia gramu 2 kwa wiki, na tyubu ya gramu 15 itafika wiki ya saba. Linganisha na tyubu 2 kila mwezi, pamoja na mlipuko kila baada ya wiki chache.

Kwa soriasisi, kwanza toa magamba. Steroidi iliyopakwa juu ya gamba nene haipiti, inaishia kwenye shuka. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 hadi 5, au yurea 10%, hulegeza magamba kwa siku chache na kufanya tyubu iliyobaki ifanye kazi. Usiitumie asidi hiyo mwili mzima wala kwa mtoto mdogo, na usiichanganye na kalsipotrioli (dawa nyingine ya kupaka ya soriasisi), kwa sababu inaiharibu. Krimu ya lami ya makaa ya mawe ni ya kale, inanuka na kuchafua nguo, lakini kwa mwenye kipato kidogo ni msaada wa kweli. Hospitali yenye kitengo cha kuchanganya dawa za kupaka, kama kile cha kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, hubadilisha hesabu kabisa, maana kununua kopo moja si sawa na kununua lundo la tyubu ndogo.

Vidonge vya methotreksati: ukivuka viganja 10, hapa ndipo pa kutazama

Kipimo cha kawaida cha mtu mzima hupandishwa polepole hadi karibu miligramu 15 kwa wiki. Kidonge ni cha miligramu 2.5, hivyo ni vidonge 6 siku moja ya wiki, kama 26 kwa mwezi. Ongeza kidonge kimoja cha asidi ya foliki cha miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti. Weka bei ya vidonge hivyo 30 kando ya bei ya tyubu 5 hadi 10, na katika famasi nyingi vidonge vitashinda bila ubishi.

Lakini vidonge vina gharama ambayo tyubu haina: vipimo. Kabla ya kuanza, picha kamili ya damu, ini, figo, homa ya ini B na C, VVU, na picha ya kifua pale kifua kikuu kinaposhukiwa. Kwa mwanamke, kipimo cha mimba. Baada ya hapo, damu, ini na figo kila baada ya wiki 2 hadi 4 kwa miezi ya mwanzo, kisha kila miezi 3. Kwa mwaka ni kama safari 7 au 8 za maabara. Asiyeweza kulipia vipimo hivyo asianze kwa kusema atapima baadaye. Mpango wa vidonge bila vipimo ni wa bei nafuu hadi siku ini au uboho unapogoma, na siku hiyo kitanda cha hospitali kinafuta akiba ya miaka.

Kosa linaloua ni kumeza kila siku. Mgonjwa amezoea dawa za kila siku, muuza dawa anaandika 1x1 kwa mazoea, na baada ya siku chache mdomo unajaa vidonda, homa inapanda, damu inashuka. Andika jina la siku kwenye pakiti kwa kalamu ya wino mzito, na mwambie mtu wa nyumbani. Hakikisha pia vidonge ni vya 2.5, kwa sababu vya miligramu 10 vipo na hufanana. Ukiona vidonda vya mdomo, homa au kutoka damu, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni septrini. Pamoja na methotreksati inaweza kuangusha uboho, na watu wengi wanaoishi na VVU huimeza kila siku kama kinga. Mtaje daktari kila kidonge unachomeza, pamoja na diklofenaki na ibuprofeni za maumivu. Pombe iachwe.

Methotreksati ni ya mwendo wa pole. Nafuu huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 8, na hukumu ya haki ni baada ya miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo panga bajeti ya tyubu na vidonge kwa pamoja kwa miezi miwili ya mwanzo. Wanaoacha wiki ya tatu kwa kusema haisaidii wamelipia sehemu ya gharama kubwa, vipimo vya mwanzo, bila kupata kitu. Kwa pumu ya ngozi iliyo kali dawa hii hutumika pia, kwa masharti hayo hayo.

Siklosporini, dawa nyingine ya kumeza, inafanya kazi haraka zaidi, ndani ya wiki chache, na hufaa kuzima moto. Mtu wa kilo 60 kwa miligramu 3 kwa kila kilo atahitaji karibu miligramu 200 kwa siku, yaani kapsuli 60 za miligramu 100 kwa mwezi. Bei yake iko mbali sana na ya methotreksati, na presha na figo vinataka kuangaliwa kila wiki 2 mwanzoni. Itumike kwa miezi, isiwe mpango wa miaka.

Tiba ya taa: nauli ndiyo bili

Mwanga wa UVB wa mawimbi membamba, nanomita 311, hutolewa kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Awamu moja ni vikao 20 hadi 36. Tuseme 30, yaani wiki 10. Hauhitaji vipimo vya damu, unafaa hata kwa mjamzito, na baada yake wengi hupumzika miezi kadhaa.

Sasa fanya hesabu ya barabarani. Tuseme nauli ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, na kila kikao kinakula nusu siku ya kazi yenye thamani ya shilingi 10,000. Vikao 30 ni shilingi 60,000 za nauli na 300,000 za kazi iliyopotea, kabla hujalipa hata kikao kimoja. Kwa anayeishi karibu na hospitali yenye mashine, au mwenye mwajiri anayemruhusu saa moja asubuhi, hii ni njia bora kabisa. Kwa anayetoka wilaya nyingine na kulala kwa ndugu wiki 10, vidonge vinashinda. Kabla ya kuanza uliza maswali mawili: mashine imekuwa ikifanya kazi mfululizo? Taa zikikatika, vikao nilivyolipia vitafidiwaje? Kukatiza kwenye kikao cha 12 ni hasara karibu yote, kwa sababu ngozi mara nyingi ndiyo kwanza inaanza kusafika.

Jua la kawaida husaidia soriasisi ya baadhi ya watu, dakika chache kwa siku likiongezwa taratibu. Kuungua, hata kidogo, huzalisha madoa mapya palepale palipoungua.

Sindano za kibayolojia

Ukitazama ngozi peke yake, hakuna zinachoshindana nacho. Ukitazama pesa, kwa mgonjwa anayelipa mfukoni Afrika Mashariki, hazipo kwenye mashindano. Adalimumabu kwa soriasisi huanza na miligramu 80, wiki moja baadaye 40, kisha 40 kila wiki 2: kalamu 28 mwaka wa kwanza. Sekukinumabu ni miligramu 300 kila wiki kuanzia wiki ya 0 hadi ya 4, kisha kila baada ya wiki 4. Matoleo mengine ya adalimumabu, yaliyotengenezwa na kampuni nyingine na kuingia sokoni Ulaya 2018 na Marekani 2023, yameshusha bei, lakini bado ni bei ya kujadiliana na bima.

Kuna na gharama zisizo kwenye risiti. Kifua kikuu kilichojificha lazima kitafutwe kabla ya adalimumabu, na kikipatikana kitibiwe kwanza. Dawa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Nje ya friji adalimumabu ya awali huvumilia siku 14 tu, na si zaidi ya nyuzi 25. Mchana wa Dar es Salaam hupita hapo. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwenu, omba famasi ikutunzie, uchukue moja moja. Na usianze kama huna uhakika wa dawa ya mwaka mzima. Kuanza na kukatiza kunaweza kuufanya mwili utengeneze kinga dhidi ya dawa yenyewe, na ukirudi inaweza isikusaidie tena.

Kwa mtu wa viganja 10 mwenye soriasisi, bila viungo kuumia, picha ya mwaka inakuwa hivi:

| Njia | Cha kununua | Safari kwa mwaka | Hufeli kwa sababu ya |
|---|---|---|---|
| Kupaka | gramu 75 za steroidi kwa mwezi hadi ngozi itulie, na mafuta | 3 au 4 | kupaka kidogo, kuchoka |
| Methotreksati | vidonge 26 na vya foliki 4 kwa mwezi | 7 au 8 | kuruka vipimo, kuacha mapema |
| Taa | vikao 30 kwa awamu | 30 kwa kila awamu | umbali, mashine kuharibika |
| Adalimumabu | kalamu 28 mwaka wa kwanza | hutegemea famasi | bima kukatika, friji |

Ile ya tano

Tyubu za mchanganyiko, zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja, huuzwa bila cheti kwa kila muwasho. Siku tatu za kwanza zinapendeza. Kisha ngozi inakonda, inapata michirizi, inazoea. Na kama tatizo lilikuwa fangasi, linasambaa chini kwa chini bila umbo lake la kawaida, hadi hata mtaalamu anapata shida kulitambua. Mkorogo wa kung'arisha una hatari hiyo hiyo, kwa kuwa mara nyingi klobetasoli imo ndani. Sindano ya steroidi ya duka na vidonge vya prednisoloni kwa soriasisi ni mbaya zaidi: zikiisha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa na usaha mwili mzima, na hiyo ni ya kulazwa. Anayetumia vitu hivi asivikate ghafla nyumbani. Aende navyo kliniki, pamoja na boksi.

Bima na pa kuanzia

Usiulize bima kama inalipia ugonjwa wa ngozi. Uliza dawa kwa jina: imo kwenye orodha yenu? Inahitaji kibali kabla? Kikomo cha mwaka ni kiasi gani, na vipimo vya ufuatiliaji vinahesabiwa humo? Nchini Kenya, SHA (mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma) ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, hivyo majibu ya zamani yasikutoshe. Ukiambiwa kwamba hilo ni suala la urembo, kumbusha kuwa Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mwaka 2014 likiitambua soriasisi kama ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu na ulemavu.

Huhitaji kuanzia hospitali ya rufaa. Kituo cha Moshi, kilichoanza 1992, kimefundisha maofisa tabibu wa ngozi wanaofanya kazi katika hospitali za wilaya na mikoa. Uliza kama yupo karibu. Soriasisi iliyoibuka ghafla au kulipuka bila sababu kwa mtu mzima, pima VVU kwanza. Kipimo na dawa za kufubaza ni bure katika vituo vya umma, na kwa wengine ngozi hutulia kwa dawa hizo zenyewe.

Mwanamke anayetarajia kuzaa apange mapema zaidi kuliko wote. Methotreksati huharibu mimba na lazima iachwe miezi kabla, si chini ya 3, na wengi hushauri 6. Asitretini, kidonge kingine cha soriasisi, haifai kabisa, kwa kuwa katazo lake la mimba huendelea miaka 3 baada ya kidonge cha mwisho. Kwake yeye hesabu inarudi kwenye mafuta, steroidi ya nguvu ndogo au ya kati na, pale mashine ilipo, vikao vya taa. Akiba ya nauli hizo aianze kabla ya kuacha vidonge.